Fundi wa Keekee ya Barafu

Siku Dokta aliponiuliza kama Fundi ana tatizo la kifua, nilitakiwa kusema ndiyo, na safari ya Kilimanjaro ingeishia hapo. Tulikuwa tumesimama nje ya karakana yetu pale Nzuguni, Dodoma, saa sita mchana, upepo unazoa vumbi na kutupiga nalo usoni. Fundi alikuwa ndani akinoa meno ya keekee, mashine yake ya kutobolea. Sauti ya tupa yake ilitufikia pale tuliposimama.

Dokta alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, binti mtaratibu, mwenye tabia ya kuuliza jambo mara moja na kuliamini jibu.

"Mzee, wewe ndiye unayemjua kuliko wote," aliniambia. "Kifua chake kikoje? Kule juu hewa ni nyepesi."

"Kifua cha Fundi ni kizima kuliko changu," nikamjibu.

Akacheka. "Basi tunakwenda wote."

Nilikuwa najua. Muda si mrefu kabla ya hapo daktari wa hospitali alimweleza Fundi kwamba vumbi la mawe alilovuta katika miaka yote ya kuchimba visima limetulia mapafuni mwake na halitatoka. Mkewe alijua, mimi nilijua, basi. Nilidanganya kwa sababu nilitaka kupanda ule mlima. Keekee isingefanya kazi bila Fundi, na bila keekee mimi nilikuwa mstaafu kama wastaafu wengine, mtu wa kuhamisha kiti kufuata kivuli cha nyumba. Baadaye tulipimwa presha na mapigo ya moyo. Kifua hakuna aliyekihoji tena, maana nilishakijibia.

Jioni ile ile Fundi aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye tupa, "Umemweleza habari ya kifua?"

"Nimemwambia uko sawa. Ni siku chache tu, Fundi."

Alipuliza chengachenga za chuma zilizobaki kwenye jino alilokuwa akilinoa. "Kama wewe umesema," akasema.

Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe, hata mchungaji wake alipomtaja kanisani. Nilifanya naye kazi ya kuchimba visima tangu sote wawili tuna nywele nyeusi. Mimi nilikuwa msimamizi wa kikosi, mtu wa kidato cha nne mwenye kalamu mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa na mtambo.

Aliyefanya kazi na Fundi atakueleza kwanza kwamba alikuwa mwoga, na hakuwahi kuuficha woga wake. Aliogopa mbwa, hata wale wadogo wanaokimbia wakipigwa kelele. Aliogopa radi. Aliogopa bodaboda, na tulipokuwa na kazi Mtumba, wakati majengo ya wizara yanaanza kuota kule porini, alikuwa radhi aondoke nyumbani alfajiri kwa miguu kuliko kukaa nyuma ya kijana mwenye pikipiki. Zaidi ya vyote aliogopa mashimo. Mchimba visima anayeogopa shimo ni kichekesho, na vijana wa kikosi hawakuacha kumkumbusha.

"Fundi, sogea basi uone maji."

"Niletee kwenye kikombe," alikuwa akijibu. "Shimo halina adabu. Halikwambii limechoka."

Hakuwahi kusimama juu ya mdomo wa kisima. Alisimama pembeni, akanyoosha mkono wake mrefu, akaweka kiganja kwenye bomba linalozunguka na kufumba macho. Kisha angetangaza: mchanga, mfinyanzi, jiwe, maji yako karibu. Kuhusu jiwe alipatia mara nyingi. Kuhusu maji alikosea mara nyingi pia, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kuna vijiji viwili upande wa Bahi ambako hadi leo wakimtaja wanacheka.

Kikosi chetu kilikuwa na desturi ambayo sikuwahi kuiona kwingine, na yeye ndiye aliyeileta. Alipohamia kwetu alikuja kwangu na ombi moja. Alitaka mtu yeyote kwenye eneo la kazi, awe dereva, mpishi au kibarua wa siku, akisema "Naogopa", mtambo uzimwe papo hapo. Asiulizwe anaogopa nini, na asichekwe. Nikamuuliza amelitoa wapi jambo hilo. Akaniambia kwamba huko alikotoka mwenzake mmoja aliona waya wa winchi unakatika uzi mmoja mmoja, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Hakuendelea, nami sikumdodosa.

Mwanzoni vijana waliigeuza mchezo. Kijana akitaka kuvuta sigara anasema "Naogopa", mtambo unazimwa, anakwenda zake nyuma ya lori anacheka. Fundi alizima kila mara. Nilimwambia wanamfanya mjinga.

"Waache," akasema. "Ulimi wao unazoea lile neno."

Siku moja tukiwa njia ya Mpwapwa alilisema yeye mwenyewe. Tulizima. Katika ule ukimya tukasikia udongo chini ya mguu mmoja wa mtambo ukiporomoka kidogo kidogo, sauti kama ya mtu anayemimina mtama kwenye debe. Tulikimbia. Ule mguu ukazama kina cha goti la mtu, na pale ambapo angekuwa amekaa mpishi wetu pakabaki tundu. Baada ya siku ile sikusikia tena mtu akilichezea neno hilo.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa kukimbia. Katika kijiji kimoja kisima cha kuchimbwa kwa mikono kilimbomokea mchimbaji na kumfukia hadi kifuani. Wanaume walijaa juu wakipiga kelele, kila mmoja akimwagiza mwenzake. Fundi alifunga kamba kiunoni. Alikuwa anatetemeka hata fundo likamshinda, nikamfungia mimi. Akateremka, akafukua kwa mikono, wakavutwa wote wawili. Nilimuuliza baadaye ilikuwaje, yeye asiyeweza hata kuchungulia.

"Nilisikia anaanza kunyamaza," akasema. "Hilo niliogopa zaidi."

Alikuwa mchoyo wa vifaa kupita kiasi. Ukiazima spana yake asubuhi, mchana anakufuata ulipo, na ukiondoka nayo anakuja hadi kwako anakaa sebuleni anakunywa chai yako huku ameishika mapajani. Chakula chake kilikuwa cha kila mtu. Mkewe alimfungia ugali wa uwele na mlenda, na kabla hajala alikuwa ameshagawa nusu. Kanisani aliimba besi, akiwa nyuma ya wenzake kila mstari, na alipoambiwa alisema wao ndio wenye haraka. Mimi ni Mwislamu wa Kondoa. Mwezi wa Ramadhani hakunywa maji mbele yangu hata siku moja. Alizunguka nyuma ya lori akanywa huko, kisha akarudi analalamika.

"Mrangi, mfungo wako unanitesa mimi."

"Kunywa hapa hapa, Mgogo. Nani amekukataza?"

"Nikinywa mbele yako yananikwama."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Tulizeeka pamoja, tukastaafu karibu wakati mmoja, tukafungua ile karakana ya kuchomelea mageti na kukarabati pampu za maji.

Keekee ilianza kama kitu kingine. Majengo ya Mtumba yalipopamba moto, wakandarasi walihitaji kujua udongo ulivyo chini kabla ya kumwaga msingi, na mitambo mikubwa ilikuwa ghali na haipatikani. Fundi alitengeneza mashine ndogo ya kubeba mkononi: miguu mitatu ya alumini, winchi ndogo, mota, na bomba fupi lenye meno mdomoni. Ilizunguka, ikajaza udongo tumboni, ikavutwa juu. Watu wawili walitosha. Dokta aliiona huko, akaja kutuuliza kama inaweza kutoboa barafu.

Alitueleza taratibu, kwa Kiswahili cha kueleweka. Barafu ya juu ya Kilimanjaro inapungua mwaka hadi mwaka. Imejengeka tabaka juu ya tabaka, na ukiichomoa kwa wima, kama mche mrefu wa sabuni, unaweza kusoma humo mvua na ukame wa zamani. Alitaka kuchukua miche hiyo kabla haijayeyuka. Mitambo ya kazi hiyo iko ng'ambo, na mingi ni mizito. Huko juu gari halifiki. Kila kipande lazima kibebwe na mpagazi mmoja kichwani, na umeme utoke kwenye sola.

Fundi alisikiliza huku akitafuna zabibu. "Barafu ninayoijua mimi ni ya ubuyu," akasema. "Lakini tujaribu."

Alifanya kazi ile kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Alipunguza uzito kila mahali. Alitoboa matundu kwenye miguu ya alumini hadi ikafanana na filimbi. Alikereza bomba jembamba zaidi, akapinda meno yakwangue badala ya kuponda, akatia ndani vikucha vidogo vya kuushika mche usirudi shimoni. Muuza nyama mmoja wa jirani alituruhusu tugandishe maji kwenye pipa katika friza lake. Tulilitoa mchana, tukalisimamisha uani, watu wakajaa. Mche wa kwanza ulipotoka, mweupe, mzima, watoto waliupokonyana wakaulamba, na Fundi akasimama anawatazama kama bwana harusi.

Jaribio lile ndilo lililotupotosha. Jua la Dodoma lilikuwa linayeyusha barafu pembeni ya bomba tunapochimba. Tuliacha bomba ndani ya pipa tukaenda kunywa soda, tukarudi, likatoka bila shida, linachuruzika maji. Tukadhani barafu ni kitu laini. Dokta alituonya: "Wazee wangu, kule juu bomba lisikae shimoni hata kidogo. Kila mkichimba, litoeni." Tuliitika. Sisi hata hivyo tulikuwa watu wa visima vya mchanga, na kwenye mchanga msimamizi anayejua kazi huacha bomba shimoni wakati wa mapumziko, lishikilie kuta zisibomoke. Nimetoa amri hiyo maisha yangu yote, na mdomo wangu huitoa wenyewe.

Mlimani Fundi alitembea polepole kuliko wote, na wapagazi wakampenda kwa hilo.

"Huo ndio mwendo, mzee," kiongozi wao alimwambia Fundi. "Mwendo wa bibi harusi. Hawa wenye haraka tutawabeba."

"Sina haraka ya kufika mahali pasipo na miti," Fundi akajibu.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Alikagua mizigo kila tulipotua, akipapasa kila kipande cha mashine chini ya turubai kama mama anayepapasa mtoto mwenye homa. Kisha miti ikaisha, majani yakaisha, tukabaki na mawe na upepo. Kichwa kilianza kunigonga. Niliona Fundi ameacha kutafuna zabibu zake. Alikohoa akiwa amegeukia kando, na mimi nikaanza kuzungumza kwa sauti kila alipokohoa, ili Dokta asisikie. Hilo nalo nililifanya. Nilipojua ninalolifanya nikapata hofu ambayo haikuniacha tena, lakini sikugeuka. Kila hatua niliyopanda ilinifanya nione aibu zaidi kurudi na kusema ukweli.

Siku tuliyofika karibu na kilele, tulikaa chini ya mwamba mchana tunywe uji. Dokta alikuwa mbele kidogo anapanga njia na kiongozi wa wapagazi. Fundi aliweka kikombe chini, akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Naogopa."

Sote tuliokaa pale tulimsikia. Miaka yote nilijua la kufanya nikisikia neno hilo. Nilicheka.

"Mgogo," nikasema, "hapa hakuna mtambo wa kuzima. Labda uuzime mlima."

Wapagazi walicheka kwa kuwa mimi nimecheka. Fundi alikawia kidogo, kisha naye akacheka, akaokota kikombe chake.

"Haya, Mrangi. Nilikuwa nakupima tu kama umezeeka."

Tangu hapo hakulisema tena neno lile mbele yangu.

Barafu yenyewe sikuitarajia. Nilidhani ni kama blanketi limetandazwa. Ilikuwa ukuta, umesimama wima juu ya mchanga mweusi, mrefu kupita nyumba, rangi ya chumvi iliyoingia jivu. Ulikuwa unadondosha maji juani, na mara kwa mara ndani yake palilia mlio kama kuni mbichi zinazopasuka motoni. Kila ulipolia Fundi alisimama. Walitupandisha juu yake kwa kamba na ngazi. Huko juu palikuwa tambarare, weupe unaouma macho, na ukimya ambao ulikufanya usikie damu yako masikioni.

Keekee ilifanya kazi. Hilo nataka lijulikane. Fundi alipiga magoti pembeni, akavua glovu, akaweka kiganja kwenye waya, na meno yakaanza kukwangua kwa sauti ndogo safi. Mche wa kwanza ulitoka mzima. Dokta aliupokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Tulichimba, tukavuta, tukachimba tena, na kila mche uliingia kwenye boksi lake.

Mmoja ulitoka na mstari mweusi katikati, mwembamba kama uzi. Fundi aliuliza ni nini.

"Ni vumbi, Mzee," Dokta akasema. "Upepo ulilileta zamani sana. Labda kulikuwa na ukame."

"Ukame gani, binti yangu?"

"Mrefu. Mrefu kuliko wowote ambao mababu walisimulia."

Fundi aliondoa mkono wake haraka. Alitazama upande wa kusini, ambako chini ya mawingu, mbali kabisa, ndiko kwetu. "Kumbe ukame wa hivyo ulishawahi kutokea," akasema. "Uweke mche kwenye boksi."

Alasiri mawingu yalipanda, jua likazimika kama taa. Ubaridi uliingia ghafla. Pumzi za Fundi zilikuwa na mluzi, nami niliusikia hata upepo ukivuma. Dokta alikuwa kwenye hema anafunga maboksi. Nilitaka Fundi apumzike bila mtu kujua kwa nini, nikafanya kama tunavyofanya siku zote.

"Tunywe chai kwanza. Acha bomba shimoni."

"Dokta alisema litolewe," Fundi akasema.

"Dokta hajawahi kuchimba mchanga wa Bahi."

Alinitazama, kisha akaliacha.

Tuliporudi bomba lilikuwa limeshikwa. Maji machache yaliyokuwa yameyeyuka kulizunguka yalikuwa yameganda, na barafu ikawa imelikumbatia kama saruji. Mota ilinguruma, waya ukakaza, hakuna kilichosogea. Dokta alikuja, akaangalia. Hakunigombeza. Alimimina spiriti shimoni iyeyushe kidogo kidogo, akasema tusubiri, ikishindikana tutaiacha, miche tuliyonayo inatosha.

"Siiachi," Fundi akasema.

Tulipokezana kuzungusha mkono wa winchi, mbele kidogo, nyuma kidogo. Zamu yake ilipofika hakuitoa tena. Dokta alimwambia, "Mzee, pumzika." Mpagazi mmoja akajaribu kumshika bega. Midomo yake ilikuwa imepata rangi ya majivu. Wote walinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemjua, na neno moja langu lingemwondoa pale. Nilinyamaza. Kama ningesema amechoka, wangeuliza anaumwa nini.

Bomba liliachia kwa mlio mkali. Fundi alianguka kwa makalio, akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Alitema kwenye ule weupe. Lilikuwa povu, na povu lilikuwa la waridi.

Walimshusha kwa machela yenye gurudumu moja, wakikimbia kwenye mawe, wakipokezana bila kusimama. Nilikimbia nyuma yao. Kifua chake kilikuwa kinachemka kama sufuria ya maharage, na kila kilipotulia kidogo nilidhani ndiyo basi. Nilimkumbuka yule mtu wa kisimani, alivyoanza kunyamaza. Dokta alikuwa sambamba nami.

"Mzee," aliniuliza bila kupunguza mwendo, "kweli hakuwa na kifua?"

"Alikuwa nacho."

Hakusema nami tena hadi hospitali, na baada ya hospitali hakusema nami tena.

Alipona, kama kulala kitandani na kuamka ni kupona. Walimrudisha Nzuguni na mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Ilikaa karibu na kiti chake, inavuta na kutoa, na mpira mwembamba ukapita chini ya pua yake. Nyumba nzima iliishi kwa kusikiliza mashine ile. Umeme ukikatika mkewe alikuwa anakimbilia mtungi wa akiba, na kwa kuwa umeme hautoi taarifa, alikoma kwenda sokoni, akakoma kwenda kanisani.

Nilimtembelea kila wiki. Kila nilipoingia nilimkuta amekaa wima, ameshachana nywele, mzaha uko tayari. Nilifarijika. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba Fundi anaendelea vizuri.

Mara ya mwisho nilikwenda asubuhi, kumepoa. Shemeji, mke wa Fundi, alinifungulia geti. "Karibu, shemeji," akasema, macho yako chini. Fundi alikuwa pale dirishani.

"Mrangi, mbona umekonda? Au Kondoa mmeishiwa uwele?"

"Tumekuachia wewe, Mgogo, unenepe."

Akacheka bila kufungua mdomo. Tulizungumza habari za vijana wa kikosi, nani amehama, nani ameoa tena. Alikuwa anasimulia kisa cha pampu fulani ya zamani, kirefu, chenye vichekesho, wakati mashine iliponyamaza. Umeme ulikuwa umekatika. Shemeji aliingia mbio, akaanza kuhangaika na mtungi. Fundi aliendelea kusimulia. Uso wake ulikuwa unabadilika rangi, mishipa ya shingo imesimama kama kamba, mikono imeng'ang'ania kiti, na bado alikuwa ananisimulia habari ya pampu, anatabasamu.

"Fundi, nyamaza," nikamwambia. "Pumua."

Shemeji alimwekea mpira wa mtungi. Alisimama pale anamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, akatoka nje.

Tulikaa muda mrefu. Rangi ilimrudia taratibu.

"Mrangi, nina ombi."

"Sema."

"Usije tena."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akanyanyua mkono nisiseme.

"Mbele ya mke wangu nakohoa. Nalia. Naomba anishikie kichwa. Wewe ukiingia pale mlangoni mwili wangu unajikaza wenyewe, siwezi kuuzuia. Ukiondoka nalala kutwa nzima na kesho yake." Alivuta hewa. "Yeye ndiye anayebaki ananihudumia. Amechoka."

"Tumejuana maisha yote, Fundi. Kwa nini ujikaze mbele yangu?"

Aligeukia dirisha. Nilijua jibu, ni kile kicheko changu chini ya mwamba, na yeye alijua kwamba ninalijua. Nilimweleza basi kile nilichomjibu Dokta siku ile nje ya karakana, neno kwa neno, na sababu yake. Alitikisa kichwa kidogo.

"Nilikuwa ndani," akasema. "Nilikusikia. Nikadhani labda umeona kitu ambacho mimi sikioni."

Nilimshika mkono tukaagana. Shemeji alikuwa uani anaanika nguo, akanisindikiza hadi getini na kulifunga.

Sikwenda tena. Mvua za kwanza zilipoanza alifariki. Shemeji alinipigia simu wakiwa wamesharudi kutoka kumzika kwao Mpwapwa. Alisema ndivyo mwenyewe alivyoagiza, kisha akanipa pole, akakata.

Nilidanganya ili nipande mlima na rafiki yangu. Uongo ule ulimgharimu yeye uhai wake. Mimi ulinigharimu rafiki huyo angali hai, na alipokufa sikumzika.